Fedha za Umma na Mbwa wa Mbio wa Ireland

REHEMA: Karibuni tena kipindini, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia mbio za mbwa nchini Ireland, wale mbwa wembamba wanaoitwa greyhound, ambao wengi wenu mnawajua kupitia skrini za vibanda vya kubeti vya Dar es Salaam na Kampala, ambako aghalabu huwa ni picha za kompyuta. Kule ni mbwa hai, na mchezo wao hutegemea fedha za mlipa kodi.

SALIM: Ahsante, dada Rehema. Tuanze na hizo fedha. Sheria ya mwaka 2001 ilianzisha mfuko mmoja wa mbio za farasi na za mbwa, ikaweka mgao usiobadilika: asilimia 80 kwa farasi, asilimia 20 kwa mbwa. Mwaka 2025 mfuko ulitengewa euro milioni 99.1, na bodi ya mbio za mbwa ikapata karibu euro milioni 19.8. Mgao huo hauulizi ni mbwa wangapi walioumia wala wangapi waliouawa.

REHEMA: Hapo ndipo ninapoumia, kaka. Mwaka 2019 televisheni ya taifa, RTÉ, ilifichua ripoti iliyoagizwa na bodi yenyewe, iliyokadiria kuwa karibu mbwa 6,000 walikuwa wakiuawa kila mwaka kwa kukosa kasi ya kutosha. Wadhamini kadhaa walijitoa. Ruzuku ya serikali iliendelea.

SALIM: Tuitendee haki serikali. Sheria mpya ilipitishwa mwaka huohuo, na tangu 2021 kuna mfumo wa kompyuta wa kumfuatilia mbwa. Kabla ya hapo tegemeo kubwa lilikuwa herufi zilizochorwa kwa wino ndani ya masikio, na walikuwapo watu waliomkata mbwa masikio kabla ya kumtupa, ili mwenyewe asijulikane.

REHEMA: Mfumo wa kumfuatilia haumkingi akiwa uwanjani. Mbwa sita hutoka vizimbani kwa pamoja wakifukuza sungura bandia, na hufika kona ya kwanza wamebanana, kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 60 kwa saa. Kwa kuwa daima hukata kona kushoto, mguu wa nyuma wa kulia huelemewa, na mifupa ya kifundo chake ndiyo huvunjika mara nyingi. Daktari wa mifugo anaweza kuitibu, lakini mbwa asiyerudi mbioni haleti zawadi, na mwenyewe hupiga hesabu.

SALIM: Hata hivyo, ziko familia za vijijini, za Limerick, Kerry na Tipperary, zilizorithi kazi hii vizazi kwa vizazi na zinazowapenda mbwa wao. Wapo pia wanaodai kwamba fedha hizo ni haki yao, kwa kuwa zinatokana na kodi ya kubashiri.

REHEMA: Hoja ya familia naipokea kwa moyo wote. Ile ya kodi siipokei, kwa sababu kodi hiyo, ambayo tangu 2019 ni asilimia 2, hutozwa pia kwenye dau la mpira wa miguu. Tena uangalie uwanja wa Harold's Cross mjini Dublin: bodi ilielemewa na madeni, ikaufunga mwaka 2017, kisha Wizara ya Elimu ikaununua kwa euro milioni 23. Ni ardhi nzuri kwa shule, lakini hazina ya umma ndiyo iliyotumika kulipunguza deni la mbio.

SALIM: New Zealand ilitangaza Desemba 2024 kwamba itapiga marufuku mbio hizi, na serikali ya Wales ikafuata mwaka 2025. Ireland ifanye nini?

REHEMA: Ifute mgao wa asilimia 20, ipunguze ruzuku hatua kwa hatua, na fedha zinazookolewa ziwasaidie wafugaji kubadili kazi na mbwa kupata makao. Uzazi ndio upunguzwe kwanza. Mbwa wengi wanaokimbia Uingereza huzaliwa Ireland, kwa hiyo soko likifungwa huko, vizimba vya wafugaji vitajaa. Greyhound huishi miaka 10 na zaidi, na wengi huacha mbio kabla ya kutimiza miaka 5. Ningependa kuiona miaka hiyo iliyobaki imeandikwa katika bajeti, yenye fungu lake na mtu wa kuwajibika.