Kuziba Mlango wa Ndani Bila Kuacha Ufa

Mafundi wenzangu, nanyi wenye nyumba mliokuja kusikiliza, bila shaka mmeshaona ufa uliochora umbo la mlango kwenye ukuta usio na mlango. Watu huusingizia msingi. Mara nyingi msingi hauna kosa.

Ukuta wa zamani umeshakauka na kutulia. Matofali mapya na mota mbichi bado vina maji, na vikikauka husinyaa. Ukiyapanga matofali katikati ya kuta mbili bila kuyafunga nazo, plasta itapasuka palepale vinapokutana. Kwa hiyo ng'oa fremu yote, bandua plasta ya zamani kama sentimita 20 kila upande, kisha chonga meno: kozi moja (mstari mmoja wa matofali) unaiacha, inayofuata unatoa nusu tofali ili jipya liingie ndani. Kama ukuta ni dhaifu na tindo itautikisa, toboa kwa drili uchomeke nondo za milimita 8 kila kozi ya pili, zilale ndani ya mota.

Mlango wa sentimita 90 unakula matofali ya inchi sita kama 20 hivi. Ndiyo maana fundi huiona kazi ya asubuhi. Mchana anapiga plasta, jioni anadai chake. Matofali yawe yamekomaa siku 28, si yaliyofyatuliwa juzi. Mota iwe ndoo moja ya saruji kwa sita za mchanga. Ukizidisha saruji unazidisha kusinyaa, ingawa mwenye nyumba atadhani umemfanyia hisani.

Sasa sehemu ambayo wengi huiharibu: chini ya lenta, ile boriti ya juu ya mlango. Usiikaze siku hiyohiyo. Acha uwazi wa sentimita mbili, ukuta mpya ushuke na kutulia kwa wiki nzima, ndipo ushindilie mota kavukavu kwa kipande cha ubao mpaka ikatae kuingia. Ule ufa mlalo wa juu huanzia hapo.

Kabla ya plasta, pigilia waya wa kuku juu ya maungio, sentimita 15 kila upande, na uloweshe ukuta wa zamani usije ukanyonya maji ya plasta. Mwagilia siku saba. Rangi isubiri mwezi, na kwa sisi wa pwani hata zaidi.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu kuziba kwa bodi za jipsamu badala ya matofali. Inafaa, mama, tena ni nyepesi. Ila usilazimishe ilingane na plasta ya zamani. Funika maungio kwa ubao wa urembo.