Saa Mbili ya Nani?

Asanteni. Kaeni, kaeni. Kijana aliyenipokea getini ameniamkia shikamoo, kisha akanipokea na mkoba. Miaka kumi iliyopita nilipokuja kuzungumza na wanafunzi kwenye ukumbi kama huu, mlinzi alinidai kitambulisho cha mwanafunzi. Basi nimeelewa. Marahaba.

Barua ya mwaliko inasema nizungumzie "changamoto za kila siku za msanidi programu mwandamizi". Mimi nitaziita kero, maana changamoto ni neno la semina. Na nianze na kero ndogo: kazi yetu haina hata jina. Nikisema naandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta, baba yangu mdogo anaamini nimeajiriwa kukusanya mapato ya serikali, na kila nikienda likizo ananieleza tabu za mashine ya risiti dukani kwake. Nikisema naandika msimbo, ananyamaza kwa heshima. Siku hizi nasema natengeneza mambo ya kwenye simu, na tangu hapo ananiletea simu yake yenye kioo kilichopasuka.

Sasa niwape kisa. Nilikuwa nina miaka mitatu kazini, tayari najiona fundi. Zahanati moja ya binafsi ilitaka programu ya kuwatumia kina mama meseji za kuwakumbusha siku ya kliniki. Kazi ndogo. Karani anaingiza jina, namba ya simu, tarehe na saa. Programu inatuma meseji saa mbili kabla ya miadi. Nikaimaliza kwa wiki mbili, nikaifunga, nikaenda zangu.

Siku ya tatu simu ikaita alfajiri. Karani wa zahanati. "Dada, meseji zako zinavunja ndoa za watu."

Ilikuwa hivi. Mama ameambiwa aje saa mbili asubuhi. Karani ameandika anachosema kila siku ya maisha yake: 2:00. Programu yangu, ambayo haijawahi kuishi Mbagala, imesoma saa nane za usiku. Imerudi nyuma saa mbili, ikatuma meseji saa sita usiku kamili. Mama amelala, simu inalia mezani, mume anainyakua, anakuta imeandikwa "Usisahau, leo tunakusubiri." (Kicheko.) Mnacheka. Yule mume hakucheka.

Nikarekebisha haraka haraka. Nikaweka saa za kuchagua kwa mtindo wa saa 24, nikampigia karani, nikamfundisha: asubuhi ile unayoiita saa mbili, kwenye mashine chagua 08:00. Akaelewa vizuri kabisa. Meseji zikatoka kwa wakati. Ila mimi, kwenye maandishi ya meseji, nilikuwa nimeandika "miadi yako ni saa" halafu namba inayotoka kwenye hifadhidata, lile ghala la taarifa za programu. Kwa hiyo mama akapokea: miadi yako ni saa 8:00. Akafua, akapika, akaja saa nane mchana, daktari ameshaondoka. Siku hiyo walikuja wanawake saba mchana, mmoja kapanda magari mawili na mtoto mgongoni. Huyo nilimkuta mwenyewe, maana safari hii nilikwenda. Hakunigombeza. Alinionyesha meseji tu, akaniuliza, "Si umeandika saa nane?"

Nilikaa pale mapokezi siku nzima, kwenye benchi, pamoja na wagonjwa, bila kompyuta. Nikasikiliza watu wanavyosema saa. Hakuna aliyesema "saa mbili" peke yake. Walisema saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na moja alfajiri, saa kumi jioni. Lile neno la mwisho ndilo lililokuwa linabeba nusu ya habari, na ndilo fomu yangu haikulipa nafasi. Jioni nikaifumua. Karani akawa anachagua kwa maneno, "saa 2 asubuhi". Ndani ya hifadhidata muda unakaa kwa saa za dunia, zile za Greenwich, na tofauti yetu ya saa tatu inaandikwa waziwazi. Na meseji inarudi kwa mama kwa maneno yaleyale aliyoyasikia kwa karani. Tangu hapo sikupigiwa tena alfajiri.

Msidhani ni sisi tu. Septemba 1999 shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilipokuwa kinaingia kwenye mzunguko wa Mirihi. Programu ya upande mmoja ilitoa namba za msukumo kwa kipimo cha paundi, upande wa pili ukazisoma kama nyutoni, kipimo kingine cha nguvu. Watu wenye shahada zao, chombo cha zaidi ya dola milioni 100, na kosa ni lilelile la benchi la zahanati: namba imepita mkononi mwa watu wawili bila kipimo chake, na hakuna aliyeuliza.

Na bado sijawagusia wazee wetu wa pwani, ambao siku yao inaanza jua likizama. Babu wa Unguja akikwambia "usiku wa Ijumaa", anasema ule ambao wewe unauita Alhamisi usiku. Kama unamtengenezea programu ya tangazo la hitima, ukatangaza usiku wa pili yake, utakuta vyombo vimeshaoshwa.

Tukiwa bado kwenye saa, jambo moja kwa wale watakaoajiriwa benki. Mifumo mingi ya zamani inahesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na inaiweka hesabu hiyo kwenye biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja. Chombo hicho kitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Mnaona mbali, lakini mkopo wa nyumba wa miaka 15 unaosainiwa wiki hii unavuka tarehe hiyo. Ukikuta mfumo wa zamani, chungulia tarehe zinakaaje.

Haya, tuje kwenye majina. Nani humu jina lake linaanza na Ng'? Mikono juu... aa, Wasukuma wangu! Ni nani kati yenu amewahi kujaza fomu ya mtandaoni ikamwambia jina lake si sahihi? Wote. Jina alilopewa na bibi yake, fomu iliyoandikwa na mtoto wa juzi inamwambia si sahihi.

Kinachotokea ni hivi. Ile ritifaa ya kwenye ng' kwenye lugha za hifadhidata ndiyo alama ya kufunga maneno. Mwandishi mvivu anaunganisha jina la mtu na amri ya hifadhidata kwa gundi, kama kuunga kamba. Likija jina lenye ritifaa, amri inakatika katikati. Basi mvivu anazuia ritifaa. Kumbe tundu hilohilo ndilo wanalopitia wezi, wakaandika amri yao mahali pa jina. Dawa ni moja kwa yote mawili: tuma amri kivyake na data kivyake, na kila lugha mnayofundishwa hapa ina njia ya kufanya hivyo. Ukishafanya hivyo, Ng'wandu anaandikishwa na mwizi anabaki nje.

Halafu kuna la pili, hili lilinila siku mbili. Kibodi ya kompyuta inatoa ritifaa iliyonyooka. Simu nyingine inaipinda yenyewe, iwe nzuri. Kwa macho ni ileile, kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Mwanafunzi amejisajili kwa simu, mhasibu anamtafuta kwa kompyuta, hayupo. Wanamsajili upya. Sasa ana deni la ada kwenye akaunti moja na malipo kwenye nyingine. Hifadhi jina kama mwenyewe alivyoliandika, kwa ajili ya cheti. Kando yake weka nakala iliyonyooshwa, herufi ndogo, ritifaa za aina moja, kwa ajili ya kutafutia.

Na nawaomba, msilazimishe "jina la ukoo". Zanzibar jina la tatu mara nyingi ni la babu, na mwanamke akiolewa habadilishi. Andika "majina kamili", acha nafasi, basi.

Malipo. Hapa ndipo mtakapopoteza usingizi, kwa hiyo nitaenda polepole.

Mtu yupo kwenye daladala, mtandao unasuasua, anataka kulipa bili ya maji shilingi 15,000. Anabofya Lipa. Kiduara kinazunguka. Kinazunguka. Anabofya tena. Baada ya dakika mbili zinaingia risiti mbili na hela zimekatwa mara mbili. Mimi mara ya kwanza niliona mwenye kosa ni mtu: kwa nini amebofya mara mbili? Nikakifanya kitufe kififie baada ya mbofyo mmoja. Watu wakaifunga programu, wakaifungua upya, wakalipa tena. Na walikuwa na haki. Wamemwambia mtu jambo, hajajibu, wanarudia. Wewe ungefanyaje?

Kitu cha kukishika ni kwamba ombi la kwanza mara nyingi lilifika salama. Kilichopotea njiani ni jibu. Seva, ile kompyuta ya upande wa pili inayopokea malipo, inajua imelipwa, simu haijui. Ni kama konda uliyemkabidhi nauli ukiwa mlangoni, gari likajaa, anarudi anakugongeshea sarafu: "Nauli dada." Hana ubaya, hana kumbukumbu. Kwa hiyo mpe konda tiketi. Ukurasa wa malipo ukifunguka, simu itengeneze namba ya kipekee ya malipo hayo na iihifadhi kabla ya kutuma chochote, ili hata programu ikifungwa na kufunguliwa namba iwe ileile. Kila jaribio liende na namba hiyo. Seva ikiiona mara ya pili isilipishe, irudishe risiti ya kwanza.

Lakini msiandike tu "kama namba haipo, lipisha". Maombi mawili yanaweza kufika kwa pamoja, yote yakauliza, yote yakaambiwa haipo, yote yakalipisha. Iambie hifadhidata yenyewe kwamba namba hiyo haijirudii. Yenyewe ndiyo itamkataa wa pili, wewe ukiwa umelala.

Sasa kero yangu binafsi, na hapa nawatazama nyinyi. Saa tano usiku, WhatsApp: "Dada haifanyi kazi." Chini yake picha ya kioo cha kompyuta, imepigwa kwa simu, imepinda, taa ya chumba inang'aa katikati, na maelezo ya hitilafu yamekatwa pembeni. Ukimwuliza mstari wa kwanza unasemaje, anajibu, "Ni kizungu kirefu." Jamani! Yale maandishi mekundu si matusi. Mengi yanakutajia faili na namba ya mstari. Kabla ya kunitafuta, andika mambo matatu: nilifanya hivi, nilitarajia hivi, nimepata hivi. Naweza kusema bila kutia chumvi kwamba nusu ya wanaoanza kuniandikia hivyo hawamalizi, naona tu "anaandika...", halafu kimya, halafu "asante dada nimeona."

Kuhusu muda wa kazi sitasema mengi. Mteja akisema "ni kitufe kimoja tu", usimjibu muda ukiwa umesimama. Mwombe hadi kesho, nenda ukaulize kitufe kikibofywa nani anapata nini.

Tunayo nafasi ya maswali mawili. Dada wa mtandio wa kijani.

*Swali: Shikamoo dada. Akili mnemba si itafanya haya yote? Tunasoma ya nini?*

Marahaba mdogo wangu. Naitumia kila siku, nisikudanganye, inanipunguzia uandishi mwingi wa kuchosha. Juzi kwa udadisi nikaipa kisa cha zahanati kama karani alivyokiandika: mama aje 2:00, atumiwe meseji saa mbili kabla. Iliandika haraka, safi, na majaribio yake. Mama angepokea meseji saa sita usiku. Haikuniuliza asubuhi au usiku. Na mimi wa miaka mitatu kazini sikuuliza vilevile, kwa hiyo siwezi kuicheka sana. Soma ili ujue kuuliza kabla haijaandika. Kaka pale dirishani.

*Swali: Kosa gani la pesa lilikuaibisha zaidi?*

La shilingi 10. Nilikitengenezea programu kikundi cha VICOBA, hivi vya kuweka na kukopa, wanachama 30. Mwisho wa mwaka wakagawana faida ya mradi wa sabuni, shilingi 1,000,000, sawa kwa sawa. Programu ikatoa 33,333 kila mmoja. Mweka hazina, mama mtu mzima, miwani kwenye ncha ya pua, akatoa kikokotoo chake. "33,333 mara 30 ni 999,990. Shilingi 10 iko wapi?" Nikamwambia, mama, hiyo ni desimali tu. Akafunga daftari. "Hatugawani mpaka irudi." Watu 30 wamekaa kwenye mikeka wananitazama.

Nilikuwa nimegawanya, nikakata desimali, na masalio nikayaacha yapotelee hewani. Nikamwuliza mama, sasa hii 10 apewe nani? Alijibu papo hapo, kana kwamba swali hilo ameshalijibu miaka mingi kabla sijazaliwa: masalio yote huingia mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa. Nikaandika mstari huo palepale mkekani, nikajumlisha mbele yake mpaka ikarudi 1,000,000 kamili. Akafungua daftari, akalowesha kidole, akaanza kuita majina.