Punguza Nyuzi, Urudi Kufuma

Karibuni tena, wapendwa. Leo kabla ya kushika sindano ya kroshia, tunafungua hili begi la shangazi kaja mnaloliona hapa sakafuni. Limejaa nyuzi. Kila nikishuka Kariakoo nilirudi na rangi mpya, huku kitambaa cha kochi nilichokianza kikinisubiri. Ilifika mahali nikikaa kufuma, nusu saa nzima inaishia kwenye kuchagua uzi, hamu inakwisha, narudisha kila kitu.

Kwanza, tandika mkeka umwage zote, hata zile za uvunguni. Usichambulie ndani ya begi. Utatoa mbili tatu tu na kufunga zipu.

Pili, zitambue. Uzi uliopoteza karatasi yake, kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, maji yawe karibu, kisha uwashe kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Sufu inanuka nywele. Akriliki, yaani uzi wa plastiki, inayeyuka, na ikipoa inabaki kidonge kigumu. Usiiguse ikiwa bado ya moto. Zitenge mafungu matatu. Ukichanganya sufu na pamba kwenye kitambaa kimoja, siku ukikifua kwa maji ya moto sufu itajikunja na kitambaa kitakwenda upande.

Tatu, viporo. Hapa ndipo penye kazi. Shika kila ulichokiacha njiani ujiulize: ningekianza leo? Kama hapana, kifumue. Inauma, najua, mimi nimefumua shali ya miezi minne. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usijitatize, loweka kwenye maji ya uvuguvugu, kisha utundike kivulini. Mikunjo itanyooka.

Nne, bakiza zinazoenea kikapu kimoja. Nyingine mpe jirani anayejifunza, au mama anayefuma sweta za watoto wachanga. Zenye ukungu au zilizoliwa na nondo usimpe mtu, tupa. Vipande vifupi vijaze mto.

Mimi nimebaki na rangi tano na sindano mbili, ya milimita 3 na ya 4. Sasa sogeeni, tazameni mkono wangu wa kulia. Fundo la kuanzia. Vuta kidogo, lisikaze. Mnyororo wa kwanza, wa pili, wa tatu…