Kupima Muda kwa Kusogeza Kioo

Nawasalimu nyote. Leo nawaeleza jinsi tunavyofuatilia mitetemo ya atomi kwa kusogeza kioo, ila naanza na grisi. Mliowahi kusimama gereji mnaijua ile grisi nyeusi tii ambayo fundi huijaza kwenye eksili ya mbele, ukiigusa mkono hautakati upesi. Weusi ule, mara nyingi, ni wa molibdenamu disalfaidi, madini laini ambayo tabaka zake huteleza moja juu ya nyingine kama karata. Ukifanikiwa kubandua tabaka moja tu, unene wake haufiki nanomita 1, yaani mita moja iliyogawanywa kwa bilioni, na tabia inabadilika: ukilimulika, linang'aa. Hilo lilionyeshwa mwaka 2010.

Mwanga ukilipiga tabaka hilo, elektroni inang'oka mahali pake na kuacha tundu. Elektroni ni hasi, tundu ni kama chanya, basi wanavutana, hawaachani. Jozi hiyo ndiyo eksitoni. Yakov Frenkel aliiwaza tangu 1931. Kwenye silikoni, ile ya paneli za sola, joto la chumbani tu linatosha kuivunja. Kwenye tabaka moja kama hili inadumu, maana juu na chini hakuna atomi nyingi za kuupunguza mvutano wao.

Sasa tazama atomi. Molibdenamu imebanwa katikati, salfa juu, salfa chini. Eksitoni inapozaliwa ghafla, chaji zimehama, na salfa zinajikuta zimekaa pasipo mahali pake. Zinaanza kuruka, zote pamoja, kama ngozi ya ngoma iliyopigwa. Mtetemo mmoja kamili huchukua kama femtosekunde 80. Gawa sekunde 1 kwa bilioni, kisha kila kipande kwa milioni: hiyo ndiyo femtosekunde.

Kamera gani ya kawaida inaweza kufukuza kitu hicho? Hakuna. Tunatumia kioo. Leza inatoa mpigo wa mwanga usiofika femtosekunde 20, tunaugawa mara mbili: wa kwanza unaamsha, wa pili unakuja kuchungulia. Huu wa pili tunaupitisha kwenye kioo kilicho juu ya reli ndogo. Ukikirudisha nyuma, safari yake inarefuka, kwenda na kurudi, nao unachelewa. Kwa femtosekunde moja mwanga hukata maikromita 0.3, kwa hiyo kusogeza kioo maikromita 12, yaani safari kurefuka 24, ni sawa na mtetemo mmoja wa salfa. Unywele wangu, hata huu wenye mvi, una maikromita kama 70. Mitetemo karibu sita! Mtu akibamiza mlango wa korido, kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji.

Tunachokiona ni kwamba kiasi cha mwanga kinachofyonzwa kinapanda na kushuka kwa mdundo uleule wa salfa. Eksitoni imezitikisa atomi, na atomi nazo zinaiyumbisha nishati ya eksitoni. Njia hii ya mipigo miwili ndiyo Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, aliyoitumia kufuatilia molekuli zikivunjika, akapewa Nobeli ya kemia mwaka 1999.

Wengi huiita mitetemo mwizi, kwamba inageuza nishati kuwa joto bure. Mimi naona inaonewa. Paneli ya silikoni iliyo juu ya bati lako haiwezi kufyonza sehemu kubwa ya mwanga wa jua bila atomi kutetema na kuisaidia elektroni kuvuka hadi nishati ya juu.

Sampuli iko hapa mezani, chini ya hadubini. Ni hicho kidoa hafifu pembeni. Anayetaka kuona ajongee, ila tafadhali, mwenye mafua asubiri kidogo.