Hakimu Akikuamuru Usinywe

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tunamzungumzia mtu aliyeendesha gari akiwa amelewa, au aliyempiga mkewe usiku wa pombe. Anafikishwa kizimbani, anahukumiwa, anatoka, halafu anarudia yaleyale. Kaka Salim, hakimu akimwamuru asinywe, kuna kinachobadilika?

SALIM: Kipo, dada, na ushahidi tunao. Katika jimbo la South Dakota, Marekani, walianza mwaka 2005 mpango uitwao 24/7 Sobriety. Aliyeamriwa kuacha pombe anafika asubuhi na jioni, kila siku, kupuliza kipima ulevi. Akikutwa amekunywa, analala mahabusu siku moja au mbili.

REHEMA: Moja au mbili tu?

SALIM: Tu. Lakini ni hapohapo, wala hapigiwi simu aje mwezi ujao. Ninavyoona mimi, nguvu yote iko hapo. Kifungo cha miaka ambacho huenda kikaja, huenda kisije, mlevi hakihesabu. Kulala ndani leo, anakuhesabu. Watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walichapisha matokeo mwaka 2013: kukamatwa tena kwa kuendesha gari mtu akiwa amelewa kulipungua kwa asilimia 12 katika kaunti zilizoingia kwenye mpango, na kukamatwa kwa ukatili wa nyumbani kwa asilimia 9.

REHEMA: Hiyo asilimia 9 ndiyo inayonigusa. Wengi waliingia kwa kosa la barabarani, nafuu ikafika hadi nyumbani.

SALIM: Na Uingereza je? Huko walijaribu kitu chepesi zaidi kwa wahalifu walio chini ya uangalizi wa mahakama. Kundi moja lilipewa kipeperushi na kuambiwa matokeo ya kipimo chao cha unywaji. Jingine likaongezewa ushauri wa dakika 5, la tatu mazungumzo ya dakika 20. Mwaka uliofuata, nusu ya waliopata kipeperushi tu walirudia makosa. Wa ushauri, asilimia 36. Wa mazungumzo, 38.

REHEMA: Kwa hiyo walipunguza pombe.

SALIM: Hapana! Kwenye unywaji makundi hayakutofautiana.

REHEMA: Ngoja, kaka. Wanakunywa sawa, ila makosa yamepungua?

SALIM: Ndivyo. Nahisi mtu akishaulizwa kwa heshima, "Ukinywa huwa inatokea nini?", anaanza kujichunga: gari analiacha, ugomvi anaukwepa. Ndiyo maana sipendi mpango upimwe kwa chupa peke yake.

REHEMA: Na ile bangili ya mguuni?

SALIM: Hiyo England na Wales wanayo. Inapima pombe kwenye jasho kila nusu saa, na amri yake haizidi siku 120. Sheria inakataza kumvisha mtu mwenye uraibu.

REHEMA: Hapo nisemee mimi, maana watu hawalijui hili. Mraibu wa pombe akikatishwa ghafla anaweza kupata kifafa, akachanganyikiwa, hata akafa. Anahitaji daktari. Hakimu anayemwambia "acha leo" bila kumpima anamhatarisha.

SALIM: Kabisa. Kwake kuna amri ya matibabu, na huko lazima mwenyewe akubali. Kuna pia kifaa cha gari, kile kinachozuia injini kuwaka dereva akiwa na pombe. Kinafanya kazi kikiwemo. Kikiondolewa, faida hutoweka.

REHEMA: Basi siku ya 121, bangili imevuliwa, nani anamsubiri mtu huyu?

SALIM: Mara nyingi, hakuna. Ningependa apimwe uraibu kabla ya hukumu kusomwa, na kabla hawajamvua bangili awe tayari na mshauri anayemfahamu kwa jina, na tarehe ya kuonana naye.

REHEMA: Na mkewe aulizwe pia. Yeye ndiye wa kwanza kujua pombe imerudi.