Kuifungua Nati Iliyolika Katika Shingo ya Gitaa la Zamani

Ndugu wasikilizaji, nyuzi sita za chuma za gitaa la kawaida lisilo la umeme huivuta shingo kwa nguvu ya takriban kilo 70 hadi 80, na kinachoizuia shingo hiyo isipinde ni ufito wa chuma uliofichwa chini ya ubao wa vidole. Ufito unaoweza kurekebishwa ulibuniwa katika kampuni ya Gibson na Thaddeus McHugh, na hataza yake ilitolewa mwaka 1923. Ncha yake moja ina hesi, yaani mistari ya kuzungushia kama ya skrubu, na juu ya hesi hizo hukaa nati ambayo leo ndiyo inayotusumbua.

Katika magitaa mengi ya Gibson nati hiyo ni ya shaba ya manjano, yenye pembe sita na upana wa inchi 5/16, yaani milimita 7.94. Soketi ya milimita 8 huonekana kuitosha, lakini ule mwanya mdogo unaobaki, ukijumlishwa na ulaini wa shaba na miaka mingi ya kukazwa ovyo, hutosha kuzilainisha pembe zote hadi spana izunguke bila kushika kitu.

Fundi asiye na subira hukimbilia drili. Mimi napinga jambo hilo, kwa sababu nati ni kitu cha kununuliwa upya, ilhali ufito ukikatika hapana budi kuubandua ubao wa vidole, na gitaa la zamani lililobanduliwa ubao hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuiondolea nati mzigo. Legeza nyuzi zote, kisha weka boriti iliyonyooka juu ya ubao wa vidole, ikiegemea vipande viwili vya mbao, kimoja karibu na kichwa cha gitaa na kingine karibu na mwili, halafu uivute katikati ya shingo kuelekea boriti kwa klampu iliyowekewa ngozi ili isikwaruze rangi. Shingo ikipinda kidogo kinyume na mvuto wa nyuzi, ufito hulegea, na mara nyingi nati iliyokuwa kama imechomelewa huanza kusogea.

Isiposogea, dondoshea hesi tone moja la mafuta ya kulegeza kutu kwa ncha ya sindano, maana mbao zikinyonya mafuta, gundi haitashika tena hapo. Joto la pasi ya kulehemu likigusishwa kwenye nati pekee husaidia pia. Baada ya hapo gongea taratibu soketi yenye ukuta mwembamba na iliyo ndogo kidogo kuliko nati, ili ijichongee pembe mpya katika shaba, kisha uzungushe kinyume cha saa. Hili likishindikana, ndipo nati ikatwe ubavuni kwa tupa nyembamba hadi karibu na hesi, bila kuzigusa, na kupasuliwa kwa patasi ndogo.

Nati ikishatoka, safisha hesi kwa brashi, tia grisi, rudisha washa, yaani kile kipete bapa kinachokaa chini ya nati, na uweke nati mpya. Kaza robo mzunguko kwa wakati mmoja baada ya nyuzi kurudishwa katika sauti yake. Nati ile ya zamani, hata kama imepasuka, mkabidhi mwenye gitaa, kwani mnunuzi wa baadaye huenda akaiulizia.