Wengi Walioupenda au Wachache Waliouiga? Kwa Nini Baadhi ya Muziki wa Roki Hauchuji

Mabibi na mabwana, wapenzi wa muziki, nawashukuru kwa kuja. Mada ya jioni hii inahusu jambo ambalo mashabiki wa roki wamelibishania kwa muda mrefu: je, muziki huu hauchuji kwa sababu ulipendwa na watu wengi, au kwa sababu uliwafundisha wanamuziki wengine namna mpya ya kupiga na kuimba? Nitasema msimamo wangu mapema, ili wasiokubaliana nami wapate muda wa kuandaa hoja zao. Naona kwamba umaarufu huhifadhi wimbo, ushawishi huhifadhi mtindo, na jina la msanii haliokolewi na kimojawapo peke yake mpaka atokee mtu mwingine, mwenye wasikilizaji wake mwenyewe, akakubali kuwa mchukuzi wake.

Tuanze na Marekani ya mwaka 1967. The Monkees, vijana wanne waliokusanywa kwa ajili ya kipindi cha televisheni, walikuwa na albamu nne zilizoshika nafasi ya kwanza katika chati ya mauzo ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ndani ya mwaka huo mmoja. Mwezi Machi wa mwaka huohuo bendi ya New York iliyoitwa The Velvet Underground ilitoa albamu yake ya kwanza, pamoja na mwimbaji Mjerumani Nico, ikiwa na jalada la ndizi lililobuniwa na mchoraji Andy Warhol. Mwaka ule albamu hiyo haikupanda zaidi ya nafasi ya 171. Nyimbo zake zilizungumzia dawa za kulevya na mapenzi ya ajabuajabu, na redio hazikuwa na hamu nazo. Kama mwaka huo tungewauliza wafanyabiashara wa santuri ni bendi ipi itazungumzwa baada ya nusu karne, sidhani kama kuna ambaye angesitasita kujibu.

Mwaka 1982 mwanamuziki Mwingereza Brian Eno alisimulia alivyoambiwa na Lou Reed, kiongozi wa bendi hiyo, kwamba albamu ile iliuza nakala 30,000 tu katika miaka yake ya mwanzo. Kisha Eno akaongeza kwamba kila aliyenunua mojawapo ya nakala hizo alianzisha bendi. Kauli hiyo imerudiwa mno hata imegeuka kuwa ushahidi, ingawa ni wazi kwamba msemaji alitia chumvi. Lakini ina ukweli ndani yake, na ukweli huo unahitaji kuchunguzwa kwa karibu, kwa sababu watu wengi huusifu bila kueleza ulivyofanya kazi.

Sikilizeni jinsi ile albamu ilivyopigwa. Maureen Tucker alipiga ngoma akiwa amesimama, ngoma kubwa ya besi akiwa ameilaza, na matoazi, ambayo wapiga ngoma wenzake wa roki waliyapenda sana, hakuyatumia ila kwa nadra. John Cale alishikilia sauti moja ndefu kwenye viola, ala inayofanana na fidla, kama mtu anayekataa kuvuta pumzi. Katika baadhi ya nyimbo Lou Reed alifunga nyuzi zote za gitaa kwenye sauti moja. Wimbo “Heroin” unakwenda na kodi mbili tu (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) tangu mwanzo hadi mwisho; kinachobadilika ni mwendo, unaoanza polepole, ukaenda mbio, ukatulia, kisha ukaenda mbio tena. Kijana aliyenunua gitaa juzi anaweza kuzishika kodi hizo mbili ndani ya mchana mmoja. Hapo ndipo ushawishi ulipotoka: muziki huo ulimwonyesha asiye fundi kwamba anaweza kuanza leo, na kwamba upungufu wake wa ufundi unaweza kuwa sauti yake. Muziki unaoigika kwa urahisi huzaa waigaji, na bendi za punk, yaani roki ya makali isiyojali ufundi, za miaka ya sabini zilitoka kwenye mlango huo.

Hata hivyo, waigaji wa Marekani peke yao wasingetosha kuifikisha bendi hii hapa tulipo. Mwimbaji Mwingereza David Bowie alipata santuri ya majaribio ya albamu hiyo kabla haijatoka madukani, akaanza kupiga nyimbo za bendi hiyo jukwaani Uingereza, na mwaka 1972, akiwa tayari nyota, yeye na mpiga gitaa wake Mick Ronson walimtengenezea Lou Reed albamu “Transformer”, ambayo ndiyo iliyompatia Reed wimbo uliopigwa redioni. Kule Chekoslovakia, mwandishi wa tamthilia Václav Havel alirudi kutoka New York mwaka 1968 akiwa na santuri ya bendi hiyo kwenye mizigo yake. Bendi ya Prague iliyoitwa The Plastic People of the Universe ilizipiga nyimbo hizo kwa siri chini ya serikali isiyozitaka, na kesi waliyofunguliwa wanamuziki hao mwaka 1976 ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma Havel na wenzake kutoa Mkataba wa 77, tamko la kudai haki za binadamu. Havel alipokuwa rais, Lou Reed alikwenda kumtembelea, mwaka 1990. Hakuna chati ya Billboard inayoweza kupima jambo kama hilo. Lakini angalieni wachukuzi wenyewe: mmoja nyota wa dunia, mwingine rais wa nchi.

Hapa lazima nitoe onyo kuhusu namna tunavyofikiri. Tunaposema kwamba ushawishi hushinda umaarufu, mifano tunayoitoa ni ya wale waliokuja kujulikana baadaye. Bendi iliyowashawishi vijana wawili wa mtaani, na vijana hao wakaacha muziki wakaenda kufanya kazi bandarini, haimo katika mifano yetu, wala hatuna njia ya kuijua. Kwa hiyo ushawishi tunaousifu ni ule ambao mwishowe ulikutana na umaarufu wa mtu mwingine. Ni umaarufu uliochelewa na kupita mikononi mwa wengine.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni wa mtu mmoja aliyepitia hali zote mbili. Alex Chilton wa Memphis alikuwa na miaka 16 alipoimba “The Letter” na bendi ya The Box Tops. Wimbo huo, ambao haufiki hata dakika mbili, ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki nne mwaka 1967. Miaka mitano baadaye alikuwa katika bendi nyingine, Big Star, na albamu yao ya kwanza waliiita “#1 Record”, kwa matumaini au kwa kejeli. Waandishi waliisifu sana, lakini usambazaji ulivurugika kiasi kwamba waliosoma sifa hizo waliingia madukani wasiikute. Bendi ikavunjika. Kisha likaja kundi la wanamuziki wa miaka ya themanini waliokuwa wamezipata santuri hizo kwa kuazimana: R.E.M. waliitaja Big Star kila walipopata nafasi, The Replacements mwaka 1987 walitoa wimbo wenye jina la Chilton mwenyewe, na mwaka 1986 The Bangles waliurudia wimbo wake “September Gurls” ndani ya albamu iliyouzwa kwa mamilioni. Leo “The Letter” bado unapigwa kwenye vipindi vya nyimbo za zamani, na wengi wanaouimba hawajui nani aliuimba. Big Star inasikilizwa na watu wachache zaidi, lakini hao wanajua hata jina la fundi mitambo. Msanii ni mmoja, ila wimbo wake wa kwanza ulidumu bila jina lake, na jina lake likadumu kupitia nyimbo ambazo hazikuuzwa.

Nisieleweke kwamba naudharau umaarufu. Mashabiki wa roki wana tabia ya kukidhania kibaya chochote kilichouzwa sana, na tabia hiyo imekuwa kinyume cha usikivu. Umaarufu hutawanya nakala nyingi katika nyumba nyingi, na nakala hizo husubiri. Mwaka 1986 kituo cha MTV kilirusha upya vipindi vya The Monkees, na kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa mwaka 1967 kikajaza kumbi za maonyesho yao. Wimbo wa Kate Bush “Running Up That Hill” wa mwaka 1985 ulishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 2022, baada ya kutumiwa katika tamthilia ya televisheni.

Bendi ya Kiingereza ya Queen ndiyo mfano wa nguvu zaidi, na kwetu sisi una utamu wa ziada, kwa kuwa mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. (Wanaotafuta taarab ndani ya sauti yake, kwa maoni yangu, wanajichosha bure, “Bismillah” iliyomo katika “Bohemian Rhapsody” haitoshi kuwa ushahidi.) “Bohemian Rhapsody” ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa kuanzia Novemba 1975, ukairudia nafasi hiyo mwezi Desemba 1991 baada ya kifo cha Mercury, na albamu yao ya “Greatest Hits” ndiyo iliyouzwa zaidi katika historia ya nchi hiyo. Lakini ukiwatafuta waliopiga kama Queen hutawapata wengi, na sababu ni ileile niliyoieleza kwa kinyume chake: sauti zilizorundikwa tabaka juu ya tabaka, gitaa ambalo Brian May, mpiga gitaa wa bendi, alilitengeneza nyumbani pamoja na baba yake, na koo la mtu mmoja ambalo hakuna wa kuliazima. Muziki huo hauigiki.

Kwa nini basi haukuchuja? Chukueni “We Will Rock You” wa mwaka 1977. May aliutunga baada ya onyesho ambalo watazamaji walikataa kunyamaza wakawa wanaimba wao kwa wao, naye akajiuliza mtu aliyebanwa katikati ya umati anaweza kufanya nini. Anaweza kukanyaga, kupiga makofi na kuimba. Katika studio walikanyaga mbao mara mbili na kupiga kofi moja, wakairekodi sauti hiyo na kuirudufu mara nyingi mpaka ikasikika kama uwanja mzima. Ngoma hazimo, na gitaa linangoja hadi mwisho. Leo mashabiki wa mpira wanaoukanyaga uwanjani hawaihitaji bendi wala hawahitaji kujua Kiingereza, wimbo wameshaumiliki. Naamini umaarufu wa namna hii, unaompa msikilizaji kazi ya kufanya, huishi muda mrefu kuliko ule unaomtaka akae asikilize tu.

Ushawishi nao una dhuluma yake. Mwaka 1955 mwanamuziki Mmarekani Bo Diddley alirekodi wimbo wenye jina lake, kwa mdundo ambao nikiwapigieni kwa makofi mtautambua papo hapo: tatu zilizoachana, kisha mbili. Hakuuvumbua yeye, kwani ndugu za mdundo huo wako Kuba na Afrika Magharibi, lakini ni yeye aliyeutia ndani ya roki. Buddy Holly aliutumia mwaka 1957 katika “Not Fade Away”, Rolling Stones wakaurudia wimbo huo mwaka 1964, na U2 wakautumia katika “Desire” mwaka 1988. Sheria ya hakimiliki hulinda mashairi na melodia. Mdundo, kwa kawaida, haulindwi. Bo Diddley alilalamika maisha yake yote kwamba wengine walitajirika kwa kitu chake. Mtindo ulidumu hasa kwa sababu ulikuwa wa kila mtu, na kadiri ulivyoenea ndivyo jina lake lilivyozidi kufifia nyuma yake.

Kuna mtu ambaye anaivuruga nadharia yangu mwenyewe, na kabla ya kumtaja ni vyema nimtaje Robert Johnson, mwimbaji na mpiga gitaa wa blues, muziki wa Wamarekani weusi uliozaa roki. Huyu alirekodi nyimbo 29 Texas mwaka 1936 na 1937, akafariki mwaka 1938 akiwa na miaka 27, na santuri zake ziliuzwa kidogo. Kampuni ya santuri ya Columbia ilipozikusanya nyimbo zake mwaka 1961, vijana wa Kiingereza kama Eric Clapton na Keith Richards walizisikia, wakawa wachukuzi wake, na mkusanyiko kamili uliotolewa mwaka 1990 uliuza zaidi ya nakala milioni moja. Kwake nadharia inakaa sawasawa.

Kwa Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa nyimbo za injili, haikai. Alizaliwa Arkansas mwaka 1915, akapiga gitaa la umeme kanisani na ukumbini kwa namna ambayo wapiga gitaa wa roki waliipokea karibu yote. Wimbo wake “Strange Things Happening Every Day” uliingia mwaka 1945 katika chati ambayo Billboard iliwatengea Wamarekani weusi. Mwaka 1951 aliifanya harusi yake kuwa onyesho katika uwanja wa besiboli wa Washington, na watu zaidi ya 20,000 walilipa kiingilio. Little Richard alipandishwa jukwaani naye akiwa bado kijana, na hakuacha kulisema hilo. Johnny Cash alimtaja kwa heshima. Mwezi Mei 1964, katika stesheni ya reli iliyoachwa huko Manchester, alirekodiwa na televisheni akiwa amevaa koti, gitaa jeupe mkononi, watazamaji wakiwa ng’ambo ya reli. Alikuwa na umaarufu, ushawishi, na hata wachukuzi. Alipofariki mwaka 1973 alizikwa bila jiwe la kaburi, na kwa miongo kadhaa historia za roki zilimpa aya moja, kama zilimpa.

Nyumba ya heshima ya roki nchini Marekani (Rock and Roll Hall of Fame) ilimwingiza Robert Johnson mwaka 1986, katika kundi lake la kwanza kabisa. Tharpe ilimwingiza mwaka 2018. Katika miaka hiyo 32 mauzo yake ya mwaka 1945 hayakuongezeka, wala gitaa lake halikupigwa upya. Waliobadilika ni waandishi na wapiga kura, ambao kwa muda mrefu walikuwa wamemtafuta mwanzilishi wa roki wakiwa na hakika kwamba lazima awe mwanamume, na kwamba hawezi kutoka kwenye kwaya ya Kipentekoste.